Mzee Ezironi Bitarabeho, Ambaye Hakuinua Panga

Wengi wenu mlimfahamu Mzee Ezironi Bitarabeho kabla hamjamwona kwa macho. Mlimsikia mikutanoni, katika ushuhuda wa mke wake, Mama Erivaida Kobugabe: mlevi aliyeingia nyumbani ameinua panga, akashindwa na maombi, akaokoka. Mzee aliomba kwamba leo, Jumatano tarehe 10 Julai 2019, maisha yake yasomwe jinsi alivyoyaeleza mwenyewe, na yasomwe mpaka mwisho. Mama amesomewa kila mstari na ameruhusu.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1938 katika kilima cha Rwenkorongo, mtaa wa kanisa wa Kitojo, wilaya ya Kabale. Alikuwa mtoto wa tano kati ya wanane wa Mzee Bakeihwaho na Bibi Tibakanya. Baba yake alijulikana kwa pombe ya mtama, mama yake kwa maharage ambayo hayakuwahi kushikwa na ukungu hata mwaka wa mvua nyingi. Mama huyo alizoea kusema kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa. Alitazama kwanza watu waliokuwemo nyumbani, kisha akalia kidogo, kama mtu anayetimiza wajibu.

Alianza masomo mwaka 1947 katika shule ya kanisa, Kitojo, akamaliza darasa la sita mwaka 1953. Hakuwa mjinga, lakini alikuwa na tabia moja: hakuweza kusema mpaka watu wote wanyamaze. Mwalimu wake alikuwa akimwuliza swali, yeye akisimama na kungoja.

"Bitarabeho, kinywa chako umemwazima nani leo?"

Darasa lilicheka. Yeye alingoja kicheko kiishe ili ajibu, na kilipoisha mwalimu alikuwa amekwisha kumwuliza mwingine. Mzee alituambia kwamba majibu yake mengi ya shule aliyatoa njiani akirudi nyumbani, na yalikuwa sahihi.

Baba yake alipougua, aliacha shule akajifunza kusuka machela kwa mjomba wake. Kwetu, ambako gari haliwezi kupanda, kila nyumba ni mwanachama wa kikundi cha machela. Mtu akiugua, majirani wanambeba mabegani mpaka barabarani, na asiyebeba wenzake hatabebwa. Mzee alisuka machela za vilima vinne tangu mwaka 1956 mpaka macho yake yalipokataa mwaka 2011. Alibeba pia, daima mbele upande wa kushoto. Rafiki yake Zefania Bwengye, aliyebeba mbele upande wa kulia, anasema kwamba kwa miaka hiyo yote Mzee hakuwahi kumhubiria mgonjwa aliye kwenye machela.

"Nilimwambia, 'Ezironi, huyu hawezi kukimbia, mpe Neno!'" anasema Mzee Bwengye. "Akaniambia, 'Ndiyo maana simpi.'"

Siku ya Jumamosi tarehe 12 Agosti 1961 alifunga ndoa na Erivaida Kobugabe. Alipokuwa akienda kwa wakwe alikaa, akanywa uji wa mtama, akaondoka. Dada za Erivaida walimcheka.

"Huyo bubu utaishi naye vipi?"

"Kama shida ni kusema," Erivaida aliwajibu, "nitamsemea mimi."

Mungu aliwajalia watoto wanne. Walilima viazi na mtama, wakaishi kama watu wengine. Mzee alikunywa pombe ya baba yake kama vijana wenzake walivyokunywa. Mwaka 1963 alimsukuma mke wake wakigombania jembe, mke akaanguka juu ya kichuguu. Aliomba hili lisifichwe. Alimwomba msamaha wiki hiyohiyo, na halikutokea tena.

Mwaka 1964 Mama Erivaida aliokoka, akawa mlokole asiye na kufuli mdomoni. Alishuhudia sokoni, kisimani, na kwenye foleni ya kusaga mtama. Alipoulizwa kwa nini hachoki, alisema, "Mimi nimefurahi. Nyinyi mkifurahi hunyamaza?" Alimwombea mume wake kila siku, kwa sauti, mume akiwepo.

Siku ya Jumatano tarehe 17 Julai 1968, kikundi kilimbeba dada yake Mzee, aitwaye Jeninah, aliyekuwa ameshindwa kujifungua kwa siku mbili. Alifariki njiani, mkono wake umeshika ukingo wa machela ambayo kaka yake aliisuka. Mti mmoja wa kubebea ulikuwa umepasuka. Kwa kuwa marehemu alipaswa kurudishwa kwa mume wake kwa heshima, Mzee alikwenda kwenye mianzi kukata mti mwingine. Wanaume waliokuwa huko walimpa kibuyu cha pombe, akanywa. Kisha akashindwa kukata. Akaenda nyumbani, panga likiwa begani, kama kila mtu wa hapa abebavyo panga.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Mama Erivaida alikuwa akimenya viazi na hakuwa amepata habari ya msiba. Aliona mlango ukifunguliwa kwa kishindo, akaona uso wa mume wake, akaona panga, akasikia harufu. Akapiga magoti na kuomba kwa sauti kuu. Panga likaanguka. Mzee akaketi chini, akalia, akasema, "Nisamehe, nisamehe."

Alikuwa akimwambia Jeninah.

Ijumaa iliyofuata, siku mbili baadaye, palikuwa na ushirika wa walokole. Mama alisimama, akaeleza alichokiona. Hakuongeza kitu siku hiyo. Habari ya Jeninah alikuwa ameijua, naye aliamini kwamba Bwana ametumia msiba kumpata mtu wake. Kisha wandugu wakamwita Mzee naye aseme. Akasimama.

"Wandugu," alisema. Akangoja watu wanyamaze.

Katika kungoja huko mtu mmoja akaanzisha wimbo. Wote mnajua jinsi ilivyo: mwenye dhambi akitubu tunaimba, na wimbo ule ukishaanza haukatizwi. Waliimba beti zote, wakarudia kiitikio, wakaja kumkumbatia mmoja mmoja, watu kama arobaini. Walipomaliza, giza lilikuwa linakaribia na kila mtu ana mifugo ya kufungia. Mzee alirudi nyumbani akiwa ameokoka kwa mujibu wa wandugu wote, naye alikuwa hajasema ila neno moja.

Mwanzoni alinyamaza kwa sababu ya huzuni. Baadaye alitaka kusema, lakini aliona kwamba mke wake atahesabiwa kuwa mwongo na kukalishwa nyuma katika ushirika, na kosa lake ni kwamba aliogopa akaomba. Alijiambia kwamba habari hiyo itasahauliwa kabla ya mavuno.

Haikusahauliwa. Mama alialikwa Kitojo chini, kisha mjini, kisha kwenye mikutano mikubwa ya ng'ambo ya ziwa. Kila mahali alimchukua mume wake, na habari ilipofika mwisho alimgeukia. "Simama, mume wangu, wakuone." Mzee alisimama. Watu walilia, wakaja mbele, wanaume wakaacha pombe. Kila mwaka panga lilipanda kidogo. Mwaka 1974 lilikuwa limefika juu ya kichwa. Mwaka 1983, mkalimani alipotafsiri kwa wageni, lilikuwa limekwisha kumchubua Mama shingoni, na baada ya hapo mchubuko haukuondoka.

Katika kikundi cha machela aliitwa Panga. "Panga, shika mbele!" Mzee Bwengye alikuwa akimpigia kelele. "Lakini tutangulie sisi, tusije tukachinjwa." Mwaka 1989 posa ya binti yake mkubwa ilikaribia kuvunjika, kwa kuwa wazee wa upande wa pili waliuliza kama hasira ile iko katika damu. Mama aliwajibu kwamba imeoshwa. Mzee alikuwa ameketi papo hapo, akitazama miguu yake.

Alikuwa amejaribu kutoka katika habari hiyo. Siku ya Ijumaa tarehe 11 Machi 1977 alisimama katika ushirika bila kuitwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Safari hii hakungoja watu wanyamaze.

"Wandugu, nina neno la kuleta nuruni. Siku ile mliyoniimbia, mimi sikuokoka."

Ndugu mmoja mwenye machozi akasema, "Tazameni jinsi Bwana anavyoendelea kumvunja huyu mtu!" Wakaanza wimbo.

Alipokuwa akitueleza hilo, Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema kwamba siku hiyo ndipo alipojua mlango haupo. Kama angekuwa mlevi kweli angeweza kutubu ulevi, lakini mtu anatubu vipi toba ambayo hakuifanya? Na sasa wale waliokuja mbele kwa habari yake walikuwa mamia, wana watoto, wamejenga maisha juu yake. Kila aliyeokoka kwa ushuhuda ule, Mzee alisema, aliongeza jiwe moja kwenye ukuta, akaja kumshukuru yeye aliye ndani.

Jumanne tarehe 4 Septemba 1979 mtu mmoja alikuja kutoka bonde la Kyogo, mwendo wa saa tano kwa miguu. Jina lake ni Rwomushana, na yupo hapa leo pamoja na mke wake. Ametukubalia tuyaseme haya. Alimkuta Mzee anasuka.

"Wewe ndiye Panga?"

"Wananiita hivyo."

"Nimemsikia mkeo mkutanoni. Niambie, ulifanyaje mkono ukashuka?"

Mzee aliweka chini alichokuwa akisuka. "Sikuinua," alisema.

"Mzee, usinifanyie mzaha, nimetembea tangu alfajiri. Mke wangu amekimbilia kwao mara tatu. Mara ya nne hatafika, najijua."

"Sikuinua, ndugu yangu. Sijui mkono unashushwaje."

"Basi nimekuja bure."

"Umekuja bure," alisema Mzee. "Ngoja nichukue koti."

Walirudi Kyogo pamoja. Mzee alimwomba panga lake, akisema anahitaji la kukatia mianzi, akaondoka nalo kesho yake asubuhi. Jumanne iliyofuata alirudi, na iliyofuata tena. Alikwenda kila Jumanne kwa miezi kumi na minne. Rwomushana alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa ukweli, na kwa miaka arobaini alikuwa wa pekee. Hakumwambia mtu, kwa kuwa Mzee hakuwa amemruhusu.

Baada ya Rwomushana palikuwa na wengine. Mzee hakuhubiri jukwaani hata mara moja, lakini akisikia kwamba mtu fulani amefungiwa na jambo, labda pombe, labda hasira au aibu, alichukua koti. Alikaa na mtu huyo, akamsomea kifungu kidogo, akaomba maneno machache, akala alichopewa. Mzee Bwengye, ambaye naye ni mwinjilisti, alimwuliza siku moja wakiwa wamepumzika njiani.

"Mimi nahubiri kwa sababu naogopa. Siku ya mwisho nisije nikaulizwa, 'Bwengye, jirani yako mbona hukumwambia?' Mkeo anahubiri kwa furaha, huyo tunamjua. Wewe je? Hata kusema huwezi, na watu wenyewe hawajakuita."

Bwengye alikuwa amekwisha kusimama na kukung'uta vumbi la suruali yake Mzee alipojibu.

"Mimi najua kukaa ndani ya kitu usichoweza kutoka," alisema Mzee. "Sipendi mtu akae humo peke yake."

Mzee Bwengye anasema hakuelewa, na kwa kuwa hakuelewa alimtania. "Panga leo amekuwa nabii! Haya, beba."

Mwezi Machi 2018 miguu ya Mzee ilianza kuvimba. Hospitalini mjini waliona kwamba moyo umechoka, wakampa dawa, na aliletwa nyumbani kwa machela aliyoisuka mwenyewe mwaka 2009. Kitanda chake kiliwekwa sebuleni. Mwezi Mei mwaka huu mchungaji wetu alikuja kumwombea. Kwa nia njema kabisa alisema, "Mzee, siku yako ikifika tutausoma ushuhuda wa panga. Utaokoa wengi hata ukiwa jenezani."

Mchungaji alipoondoka Mzee hakula. Jioni alisema, "Basi watanizika humo humo." Akamwomba Mama aketi. Mimi mjukuu wao, Atuheire, nilikuwa nimeleta uji, na aliniambia nisiondoke, niandike. Nayaweka hapa kama walivyosema, kwa idhini ya Mama.

"Erivaida, siku ile sikuinua panga."

"Siku ipi?"

"Ipo siku nyingine?"

"Uliinua. Nililiona."

"Lilikuwa begani. Nilitoka kwenye mianzi. Nilikuwa nimeshindwa kumkatia Jeninah mti."

"Ukasema nisamehe."

"Nilikuwa namwambia yeye. Machela ilikuwa yangu, mti uliopasuka ulikuwa wangu."

Mama alichukua kikombe cha uji, akakirudisha. "Na pombe?"

"Kibuyu kimoja. Cha msiba."

"Miaka hamsini na moja, baba, umeninyamazia?"

"Uliniacha niseme lini?"

"Ungenishika mkono! Ungenikanyaga mguu! Mimi nimesimama mbele ya maaskofu nikasema mchubuko!" Alijishika shingo. "Mwenyewe naukumbuka. Nikijishika hapa naukumbuka kabisa."

"Ninajua."

"Na wale watu wote?"

"Wameitwa wakaitika. Wasirudi nyuma kwa sababu yangu. Hilo uwaambie."

"Niwaambie mimi? Kwa mdomo upi?"

Hakusema naye siku mbili. Alimwosha, akamgeuza, akamlisha, bila neno, na katika nyumba yetu kimya hicho kilikuwa kizito kuliko ugonjwa. Siku ya tatu aliniita jikoni. "Babu yako anataka isomwe. Isomwe. Lakini usome wewe, mtoto, maana unasoma kilichoandikwa. Mimi nikishika maikrofoni nitatia chumvi, hata nikitubu nitatia chumvi." Kisha alikwenda sebuleni, akaketi ukingoni mwa kitanda. Nilimsikia akimwuliza polepole habari za Jeninah: alisema nini njiani, mkono wake ulikuwa umeshika wapi. Mzee alijibu yote. Mama hakumkatiza.

Mzee Ezironi Bitarabeho alifariki nyumbani kwake Rwenkorongo, Jumapili tarehe 7 Julai 2019, saa mbili na nusu asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Kengele ya kwanza ya kanisa ilikuwa imelia. Mama alikuwa amemshika mkono.

Ufuatao ni ushuhuda wake mwenyewe, ambao hakupata nafasi ya kuutoa. Aliutamka kwa muda wa wiki tatu, sentensi mbili au tatu kwa siku. Aliomba kwamba ukisomwa, wandugu wakae kimya kwa muda kabla ya kuimba, kadiri watakavyoweza.

"Mimi Ezironi niliamini siku ya Jumanne tarehe 9 Oktoba 1979, nyumbani kwa Rwomushana, kama saa saba mchana, viazi vikiwa motoni. Ilikuwa Jumanne yangu ya sita. Rwomushana aliniuliza, 'Huyu Yesu unayemsoma, anaweza kukaa na mtu kama mimi?' Nikamwambia, 'Anakaa.' Nilipokwisha kusema nikajiuliza, nani amekuambia? Nikajitazama. Mimi ni mtu wa kukaa kwangu, sipendi safari, na hapo nilikuwa nimetembea mara sita kwenda kukaa na mtu niliyemwogopa, sina la kumwambia, na sitaki kuondoka. Nikaona kwamba kitu hicho si changu. Kuna aliyekaa na mimi hivyo hivyo, miaka yote, humo nilimofungiwa, bila kusema. Sikulia. Viazi viliiva, tukala na maharage. Nilirudi nikiwa na furaha, nikatembea haraka, nataka kumwambia mke wangu kwamba nimeokoka. Nilipofika mlangoni nikakumbuka kwamba nimeshaokoka."

Marehemu ameacha mjane, Mama Erivaida Kobugabe; watoto wanne, Kellen, Naboth, Jolly na Apofia; wajukuu kumi na tisa na vitukuu saba; dada mmoja, Bibi Furebia; wenzake wa kikundi cha machela; na familia ya Mzee Rwomushana wa Kyogo.

Mama Erivaida hatatoa ushuhuda leo. Ameomba iandikwe kwamba hajui ataanzia wapi siku atakapoulizwa tena jinsi nyumba yake ilivyookoka, na kwamba mkimwona amesimama mbele yenu hana neno, msimsaidie.

Bwana ampokee Mzee Ezironi, ampe amani yake na pumziko.